Ninachokinyamazia katika Kiti cha Maungamo

Kwa miaka minne niliungama dhambi moja kwa maneno yaleyale, na kila nilipoinuka katika kiti cha maungamo nilijua kwamba nimesema uongo mbele ya Mungu. Sikudanganya kuhusu tendo lenyewe. Nilidanganya niliposema kwamba ninajuta. Mimi na mume wangu tulikuwa tumeamua, baada ya mimba ya tatu kuniletea kifafa cha mimba na mtoto wetu kuzaliwa kwa upasuaji katika wiki ya 32, kwamba hatutaingia tena katika hatari ile, na tulikuwa tukitumia njia ya uzazi wa mpango ambayo Kanisa letu linaikataza. Kutubu ni pamoja na kuazimia kuacha, nami azimio hilo sikuwa nalo. Mwaka wa tano nikaacha kulitaja jambo hilo kabisa. Niliungama hasira, uvivu wa sala, maneno makali niliyomwambia mama mkwe wangu, kisha nikapokea maondoleo ya dhambi na kwenda zangu. Hakuna padri hata mmoja aliyeniuliza.

Naandika haya nikiwa Mkatoliki ninayeshika dini yangu. Nilibatizwa nikiwa mchanga, nimefundisha watoto wa Komunyo ya Kwanza, na kwa muda mrefu mimi na mume wangu tumekuwa miongoni mwa wanandoa wanaowaandaa wachumba kwa sakramenti ya ndoa. Sitafuti mlango wa kutokea. Kanuni ya 212 ya Sheria za Kanisa za mwaka 1983 inawatambulia waamini haki, na wakati mwingine wajibu, wa kuwaeleza wachungaji wao maoni yao juu ya mambo yanayohusu mema ya Kanisa. Ninaitumia haki hiyo kwa heshima, juu ya kanuni mbili ambazo kwa kawaida hujadiliwa kila moja mahali pake: katazo la vidhibiti mimba na useja wa lazima wa mapadri. Ninaziweka pamoja kwa sababu nimeishi muda wa kutosha ndani ya Kanisa kuona kwamba zote mbili zimetuzoeza kunyamaza, waamini upande mmoja na mapadri upande wa pili, hadi tumefika mahali ambapo hatuambiani ukweli hata pale ambapo sakramenti yenyewe inadai ukweli.

Nianze na ile ninayoijua kwa mwili wangu.

Tulipofunga ndoa tulijifunza njia ya asili kwa moyo wote. Kila asubuhi, kabla sijanyanyua kichwa kutoka kwenye mto, nilipima joto la mwili na kuliandika kwenye chati. Nilijifunza kuutazama ute na kutambua siku za rutuba, kwa njia ambayo madaktari wawili Wakatoliki wa Australia, John na Evelyn Billings, mtu na mkewe, walitumia maisha yao kuieneza. Sina neno baya juu ya njia hiyo. Ninawafahamu wanandoa ambao imewasaidia vizuri, na ilinifundisha kuuheshimu mwili wangu kuliko masomo yote ya biolojia niliyopitia shuleni. Lakini njia hiyo inahitaji mwili unaosomeka, na mwili wa mama anayenyonyesha, anayeamka mara nne usiku na kuugua homa za watoto pamoja nao, mara nyingi hausomeki. Mimba ya tatu iliingia mwezi ambao chati ilijazwa bila kuruka hata siku moja. Tuliipokea kwa furaha. Miezi saba baadaye mume wangu alisimama kwenye korido ya hospitali akimsikiliza daktari akimweleza kwamba huenda akapoteza mke na mtoto kwa pamoja.

Tulipona wote wawili. Daktari akatuambia kwa upole, na kwa kurudia, kwamba tusijaribu tena, na kwamba kwa hali yangu njia ya kuhesabu siku si kinga ya kutegemewa. Kanisa lilikuwa na jibu kwa hali yetu, na jibu hilo lilikuwa kujinyima. Tulijinyima kwa muda wa mwaka mmoja na nusu. Sitaeleza kila kitu kilichotokea ndani ya nyumba yetu katika kipindi hicho, kwa kuwa si changu peke yangu, lakini nitasema kwamba watu wawili wanaopendana walianza kukwepana jikoni, kwamba mkono begani uligeuka kuwa jambo la kutisha, na kwamba nilianza kulala na watoto ili nisilale karibu na mwanamume niliyeapa kumpenda siku zote za maisha yangu. Mtume Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba wenye ndoa wasinyimane, isipokuwa kwa mapatano na kwa muda tu, kisha wakutane tena, Shetani asije akawajaribu. Maneno hayo nilikuwa nimewasomea wachumba mara nyingi, bila kuelewa kwamba yalikuwa yanazungumzia jambo halisi.

Hati inayotufunga ni waraka Humanae Vitae, ambao Papa Paulo wa Sita aliutia sahihi tarehe 25 Julai 1968. Nimeusoma mara nyingi kuliko wengi wanaoutetea na wengi wanaoushambulia, na ninakiri kwamba ni waraka wenye uzuri. Unasema kwamba upendo wa ndoa ni upendo wa nafsi nzima, mwaminifu, wenye kuzaa matunda. Unaonya kwamba serikali zinaweza siku moja kuuchukua uamuzi wa uzazi kutoka mikononi mwa wazazi na kuwalazimisha, na onyo hilo lilitimia: watu wengi walifungwa uzazi kwa kushurutishwa nchini India katika kipindi cha hali ya hatari cha 1975 hadi 1977, na China ikaweka sheria ya mtoto mmoja. Papa aliona mbali, na wanaomdharau kwa haraka hawajamsoma. Ila katika ibara ya 11 waraka unasema kwamba kila tendo la ndoa lazima libaki wazi kwa uwezekano wa uhai, na hapo ndipo ninaposimama.

Ninaijua hoja, maana nimeifundisha. Tangu Papa Pius wa Kumi na Mbili alipozungumza na wakunga wa Italia mwaka 1951, Kanisa limekubali kwamba wanandoa wenye sababu nzito wanaweza kukutana katika siku zisizo na rutuba tu. Nia ya kutopata mtoto, basi, si dhambi yenyewe. Tofauti iko katika njia, kwamba mmoja anafuata mpangilio ambao Muumba aliuweka mwilini na mwingine anauzuia. Kwa miaka niliwaeleza wachumba tofauti hiyo nikiamini ninachokisema. Siku moja binti mmoja, mwuguzi, aliniuliza swali ambalo sijaweza kulifukuza kichwani. Alitaka kujua kwa nini kipimajoto, kalenda na ujuzi wa homoni vinahesabiwa kuwa matumizi ya akili ambayo Mungu ametupa, hali kidonge kinachotokana na ujuzi uleule kinahesabiwa kuwa uasi, wakati anayepima na anayemeza wote wawili wanataka jambo moja na wamelipanga kwa uangalifu mmoja. Nilimjibu kwa maneno ya waraka. Aliyaandika kwenye daftari lake kwa adabu, nami nilimwona kwamba hakuridhika, na usiku huo nikatambua kwamba hata mimi sikuridhika.

Swali la binti yule lilikuwa limeulizwa ndani ya Kanisa kabla hajazaliwa. Mwaka 1963 Papa Yohane wa Ishirini na Tatu aliunda tume ya kuchunguza suala la uzazi, na Paulo wa Sita akaipanua hadi ikawa na maaskofu, wanateolojia, madaktari, na wanandoa. Miongoni mwao walikuwa Patrick na Patricia Crowley wa Chicago, viongozi wa chama cha familia za Kikristo, ambao walikusanya na kuipelekea tume maelezo ya wanandoa Wakatoliki waaminifu kuhusu namna walivyoishi na njia ya kalenda. Walioandika hawakuwa waasi. Walikuwa watu wa Misa na Rozari, nao walieleza hofu, kukwepana na uchungu ambao mimi ninaujua. Mwaka 1966 wengi wa wajumbe walifikia hitimisho kwamba mafundisho yanaweza kukua: kwamba uwazi kwa uhai ni sifa ya ndoa nzima, ya maisha yote ya wawili wanaozaa na kulea kwa ukarimu, wala haudaiwi kwa kila tendo moja moja. Papa aliamua vinginevyo, akieleza katika waraka kwamba wajumbe hawakuwa na kauli moja na kwamba mapendekezo yao yaliachana na mafundisho ya kudumu ya Kanisa.

Mamlaka ya kuamua yalikuwa yake, na sidai kwamba tume ni bunge. Kinachoniuma ni kwamba mara moja katika historia yetu wanandoa waliitwa, wakaketi, wakasema kwa sauti yale yanayotokea vyumbani mwao, na baada ya hapo tukarudi kunong'ona. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, yaani mkutano mkuu wa maaskofu wa dunia nzima, katika hati Gaudium et Spes ya mwaka 1965, ulikuwa umesema kwamba hukumu kuhusu idadi ya watoto ni ya wazazi wenyewe mbele ya Mungu, na kwamba dhamiri, ingawa yapasa ilelewe kwa sheria ya Mungu na mafundisho ya Kanisa, ni patakatifu ambapo mtu yuko peke yake na Mungu wake. Nusu karne baadaye, katika Amoris Laetitia ya mwaka 2016, Papa Fransisko aliandika kwamba wachungaji wameitwa kuzilea dhamiri, wala si kuchukua nafasi yake. Nilipoyasoma maneno hayo nililia. Kisha nikajiuliza ni lini mara ya mwisho mchungaji yeyote aliigusa dhamiri yangu kwa habari hii, kwa kuilea au hata kwa kuikemea, nikakosa hata mara moja.

Nimefikiri sana kwa nini hawaulizi. Wengine, nadhani, ni kwa huruma, na waraka wenyewe unawataka mapadri wawe na subira na wema. Wengine wanajua kwamba wakiuliza watajibiwa, na wakijibiwa watalazimika kuwanyima watu maondoleo, na mstari wa Komunyo utakuwa mfupi mno. Lakini naamini pia kwamba wapo wasiouliza kwa sababu na wao wana jambo lao wasilotaka kuulizwa.

Tulikuwa na padri kijana, msaidizi wa paroko, mhubiri ambaye watu walifika mapema ili wapate viti vya mbele. Jumapili moja hakuonekana. Tulisomewa tangazo la sentensi moja kwamba amepewa utume mwingine, tukaombwa tumwombee, na Misa ikaendelea. Baada ya miezi kadhaa ndipo wengi wetu tulipojua kwamba alikuwa na mtoto, kwamba alitaka kumlea na kumwoa mama yake, na kwamba hakukuwa na njia ya kufanya hivyo huku akibaki padri. Jina lake halikutajwa tena altareni. Watoto aliowabatiza walikua bila kuelezwa chochote, na mtoto wake mwenyewe alikua akisikia minong'ono.

Katazo la vidhibiti mimba linafundishwa kuwa sheria ya maumbile, inayomfunga kila binadamu. Useja wa mapadri haufundishwi hivyo. Huo ni nidhamu ya Kanisa la Kilatini, na Kanisa lenyewe linasema hivyo. Petro alikuwa na mama mkwe, aliyeponywa homa na Yesu. Waraka wa kwanza kwa Timotheo unataka askofu awe mume wa mke mmoja. Paulo, aliyependelea useja, alisema wazi kwamba kuhusu jambo hilo hana amri ya Bwana, anatoa shauri tu. Sheria za kuwataka makleri wajizuie zilianza mapema, kama katika mtaguso wa Elvira mwanzoni mwa karne ya nne, lakini ni Mtaguso wa Pili wa Laterano, mwaka 1139, uliotangaza kwamba ndoa inayofungwa na padri ni batili. Makanisa mengi Katoliki ya Mashariki, yaliyo katika ushirika kamili na Roma, hayakuacha kuwapa daraja ya upadri wanaume walio na wake. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati Presbyterorum Ordinis, ulikiri kwamba useja haudaiwi na upadri kwa asili yake. Tena, tangu mwaka 1980 wachungaji Waanglikani waliojiunga nasi wamekuwa wakipewa upadri huku wakiendelea kuishi na wake zao na watoto wao, na mwaka 2009 Papa Benedikto wa Kumi na Sita akaupanua mlango huo.

Nawakaribisha kwa mikono miwili. Ila naomba mtu anieleze kwa nini mwanamume aliyezaliwa nje ya Kanisa Katoliki anaweza kuadhimisha Misa asubuhi na kula chakula cha jioni na mkewe, wakati padri wetu kijana, aliyelelewa ndani ya Kanisa hili tangu ubatizo, aliambiwa achague kati ya altare na mtoto wake. Najua jibu, kwamba aliahidi, na ahadi ni ahadi. Hata mimi niliahidi siku ya ndoa na sitaki ahadi zichukuliwe kuwa upepo. Lakini aliahidi kwa sababu hakukuwa na njia nyingine ya kuitikia wito aliousikia. Useja alioukubali ulikuwa bei ya upadri, na karama haiuzwi kwa bei. Februari 2019 Vatikano ilithibitisha kwamba ina mwongozo wa ndani kuhusu mapadri waliozaa, na kwamba msingi wake ni kumlinda mtoto. Nilishukuru kusikia kwamba mtoto anafikiriwa, nikasikitika kwamba mwongozo huo ulikuwa umewekwa mahali ambapo mama wa mtoto asingeweza kuusoma.

Siudharau useja. Padri mzee, mseja wa kweli, mwenye furaha isiyoigizwa, alikesha na baba yangu usiku wake wa mwisho hadi alfajiri, na watu walisema aliweza kwa kuwa hakuwa na familia ya kumngoja. Niliamini hivyo, mpaka nilipokumbuka kwamba mwuguzi wa zamu alikesha pia, akimgeuza baba na kumlowesha midomo, naye alikuwa na watoto watatu nyumbani. Upendo wa padri yule ulikuwa zawadi kubwa. Nataka tu uitwe zawadi, na anayeipokea aipokee akiwa huru kuikataa na bado awe padri. Katika Sinodi ya Amazonia ya Oktoba 2019 maaskofu walieleza kwamba zipo jumuiya zinazokaa miezi, hata miaka, bila padri kuzifikia, na kwa kura 128 dhidi ya 41 wakapendekeza kwamba mashemasi wa kudumu wenye familia, watu waliothibitishwa na jumuiya zao, waweze kupewa upadri. Pendekezo hilo halikupata jibu katika waraka wa Papa uliofuata, Februari 2020. Tunafundishwa kwamba Ekaristi ndiyo kilele na chemchemi ya maisha yetu. Ikiwa ni hivyo, sioni namna nidhamu iliyowekwa na binadamu inavyoweza kuwa sababu ya watu kukosa chemchemi.

Wapo watakaosema kwamba ninadai padri aoe ili aelewe shida zangu. Sivyo. Daktari hahitaji kuugua ili atibu. Lakini daktari humwuliza mgonjwa anaumwa wapi, na hubadilisha dawa isipofaa. Ninachokiona katika mambo haya mawili ni kwamba waliopewa kazi ya kuamua juu ya kitanda cha ndoa ni wale ambao sheria nyingine imewatenga nacho, na kwa hiyo kila upande una sababu ya kutomwangalia mwenzake machoni. Wanandoa hawasemi, wasije wakanyimwa Ekaristi. Padri naye akisema atapoteza utume wake na paa linalomfunika. Mwaka 2023, kwa mara ya kwanza, wanawake walipiga kura katika Sinodi ya Maaskofu. Niliifuatilia siku hadi siku nikiwa na matumaini ambayo sikuwa nimeyapata tangu ujana wangu, na bado ninayo.

Mimi na mume wangu hatufundishi tena wachumba kama tulivyofundisha zamani. Tunawasomea waraka wote, pamoja na uzuri wake; tunawafundisha njia ya asili kikamilifu; kisha tunawaambia kwamba sisi wenyewe tulifika mahali ambapo tuliamua vingine, kwa maombi na kwa machozi, na kwamba siku moja wanaweza kujikuta wawili mbele ya Mungu bila mtu wa kuwajibia. Nilimweleza paroko wetu kwamba tunasema hivyo. Alinyamaza kwa muda, kisha akaniuliza wachumba wa mwezi ujao ni wangapi.

Kwaresima iliyopita nilirudi kulisema. Nilipiga magoti kwa padri mgeni nisiyemjua, nikaeleza yote tangu ile hospitali, nikamwambia kwamba nimeichunguza dhamiri yangu miaka mingi, kwamba siwezi kuahidi kuacha, na kwamba dhambi ninayoitubu kwa kweli ni ile miaka minne ya kusema ninajuta wakati sijuti. Hakunijibu upesi. Nilimsikia akivuta pumzi upande wa pili wa wavu. Akasema, "Mwanangu, umenena kweli, na kweli haijapita hapa siku nyingi." Akanipa malipizi ya zaburi moja, akatamka maneno ya maondoleo, na nilipokuwa ninainuka akasema, "Niombee na mimi." Sikumwuliza juu ya nini.

Jumapili iliyofuata nilipanga mstari wa Komunyo nyuma ya mume wangu.